Mwani kwenye vipodozi vya uso: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu zaidi mwani unaolimwa Unguja na Pemba, kwa kuwa ndio ulio karibu na wasomaji wengi, lakini yanagusa pia mwani wa kahawia wa bahari za baridi, ambao ndio umejaa kwenye seramu za dukani. Yatamfaa anayenunua kichupa kilichokwisha tengenezwa, na yatamfaa anayetaka kutengeneza mwenyewe.

Antioksidanti ni nini, na uso unaihitaji kwa nini?

Jua, moshi wa magari na moshi wa sigara huzalisha ndani ya ngozi molekuli zilizopungukiwa elektroni, zinazoitwa radikali huru. Molekuli hizi hupora elektroni kwenye mafuta ya ngozi, kwenye protini na kwenye vinasaba. Mafuta yakiporwa, ngozi hushindwa kushika maji ikawa kavu. Kolajeni, protini inayoikaza ngozi, ikiporwa, ngozi hulegea na kufanya mikunjo kabla ya wakati. Seli za rangi nazo huchokozeka, zikamwaga melanini kupita kiasi, na hapo ndipo mabaka yanapojitokeza mashavuni na kwenye paji la uso.

Antioksidanti ni kitu kinachotoa elektroni yake kabla ngozi haijaporwa. Ngozi ina zake za asili, zikiwemo vitamini C, vitamini E na glutathioni, ila jua kali huzimaliza upesi kuliko zinavyorudishwa. Ndiyo maana tunaongeza nyingine kwa juu.

Kwa nini mwani uwe nazo?

Kwa sababu ya unakoishi. Wakati wa bamvua maji yakitoka, mwani wa ufukweni hubaki juani kwa saa kadhaa, kisha hufunikwa tena na maji ya chumvi. Hauna gome wala kivuli cha kukimbilia, kwa hiyo hujitengenezea rangi na kemikali za kujikinga. Kemikali hizo hizo ndizo zinazotafutwa na watengeneza vipodozi.

Mwani wote una antioksidanti sawa?

Tofauti ni kubwa, na hapa ndipo wauzaji wengi wanapochanganya mambo.

Mwani wa kahawia ndio wenye nguvu zaidi kwa jambo hili. Una florotanini, ambazo ni polifenoli zisizopatikana kwenye mimea ya nchi kavu, una fukozanthini yenye rangi ya machungwa, na una fukoidani, aina ya sukari ya molekuli ndefu. Ukiona kwenye lebo Fucus vesiculosus, Laminaria digitata, Undaria pinnatifida au Ecklonia cava, huo ni mwani wa kahawia wa bahari za baridi: Brittany, Ireland, Korea, Japani. Kwetu mwani wa kahawia upo pia, Sargassum na Turbinaria (ule wenye vijitaji vya miiba), lakini haulimwi. Huota wenyewe kwenye miamba.

Mwani mwekundu una fikoerithrini inayoupa rangi, una karotenoidi, na baadhi ya aina, hasa Porphyra, zina amino asidi maalumu zinazofyonza miale ya jua ya mawimbi ya kati ya nanomita 310 na 360. Mwani wa kijani, kama Ulva, una klorofili na karotenoidi, lakini polifenoli zake ni chache ukilinganisha na wa kahawia.

Basi mwani wa Zanzibar uko kundi gani?

Mwekundu, hata pale unapoonekana wa kijani au wa kahawia kwa macho. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 pwani ya mashariki ya Unguja, maeneo ya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na wakulima wengi tangu hapo wamekuwa wanawake. Aina ni mbili: spinosumu, ambayo jina lake la kisayansi ni Eucheuma denticulatum, na kotonii, Kappaphycus alvarezii. Zote hulimwa kwa ajili ya karagenani, ile jeli inayotumika kwenye dawa za meno, maziwa na aiskrimu.

Tuseme ukweli wake bila kuupunguza: nguvu ya kwanza ya spinosumu na kotonii usoni ni kushika maji. Karagenani hufanya utando mwembamba juu ya ngozi, unyevu usikimbie. Antioksidanti zimo, lakini ni kidogo kuliko za mwani wa kahawia, na zinapotea kirahisi mwani ukikaushwa vibaya. Anayekuambia mwani wa Paje una florotanini anakuuzia maelezo ya mwani mwingine. Anayekuambia unaifanya ngozi iwe laini na yenye unyevu, huku ukiongeza kinga kiasi, anasema kweli.

Kuna uthibitisho kwamba inafanya kazi kwenye ngozi ya mtu?

Ushahidi mwingi ni wa maabara. Kipimo kinachotumika sana kinaitwa DPPH: kimiminika cha zambarau kinachogeuka manjano kikikutana na antioksidanti. Ni kipimo kizuri cha kulinganisha dondoo moja (kimiminika kilichotolewa kwenye mwani) na nyingine, au mwani uliokaushwa juani na uliokaushwa kivulini. Hakikuambii kama kitu hicho kitaingia kwenye ngozi, kitadumu, wala kitapunguza mabaka.

Kwa kulinganisha, mchanganyiko wa vitamini C asilimia 15, vitamini E asilimia 1 na asidi ya feruliki asilimia 0.5 ulichapishwa mwaka 2005 ukiwa umepimwa kwenye ngozi ya nguruwe dhidi ya miale ya jua. Kwa mwani, ushahidi wa namna hiyo bado ni mchache. Uutumie kama msaidizi mwenye faida mbili, unyevu na kinga ya ziada.

Mwani hupenya ngozi?

Molekuli ndogo ndiyo, kubwa hapana. Mpaka unaotumiwa na wataalamu ni takriban daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Karagenani na fukoidani ni za maelfu kwa maelfu ya daltoni, hivyo hubaki juu, na kazi zao ni za huko juu. Fukozanthini, yenye takriban daltoni 659, iko nje kidogo ya mpaka, na inayeyuka kwenye mafuta tu. Kwa hiyo ukiona seramu ya maji matupu inajigamba kwa fukozanthini bila kiyeyushi chochote, jiulize imo vipi.

Sabuni ya mwani inatosha?

Kwa kusafisha, ndiyo. Kwa antioksidanti, hapana. Sabuni ya magadi hutengenezwa kwa mchanganyiko wenye pH ya 13 hivi mwanzoni, na hata ikikomaa hubaki kati ya 9 na 10. Polifenoli huharibika kwenye hali hiyo. Utaona unga wa mwani unageuka kahawia ndani ya kipande. Kilichosalia hukaa usoni nusu dakika, kisha kinaoshwa.

Unga wa mwani kwenye sabuni una kazi nyingine ya heshima: unasugua kidogo na unaongeza povu la utelezi. Kwa uso, saga hadi upite kwenye chekecheke laini kabisa, na usizidishe gramu 10 kwa kila kilo ya mafuta. Chembe kubwa za mwani mkavu zina kingo kali na huchubua.

Naweza kuacha mafuta ya kujikinga na jua nikitumia seramu ya mwani?

Usiache kabisa. Hata zile amino asidi zinazofyonza miale zimo kwa kiasi kidogo mno kwenye dondoo la kawaida. Mpangilio ni seramu kwanza, kisha mafuta ya jua yenye SPF 30 au zaidi. Kwa wenye ngozi nyeusi wanaosumbuliwa na mabaka, chagua yenye rangi iliyotiwa oksidi ya chuma, kwa sababu mwanga wa kawaida unaoonekana nao huongeza mabaka kwenye ngozi zetu, na mafuta ya jua yasiyo na rangi hayauzuii.

Ninunue mwani wa namna gani?

Swali hili lingepaswa kuulizwa kabla ya mengine yote, kwa kuwa ubora unaamuliwa ufukweni kabla mwani haujafika jikoni kwako.

Mwani wa biashara ya kawaida hutandazwa juani, mara nyingine juu ya mchanga, na huuzwa ukiwa na unyevu wa karibu asilimia 35. Mnunuzi wa karagenani haoni tatizo, kwa sababu anafuata jeli. Wewe unafuata rangi na kemikali laini, na jua ndilo linaloziua: mwani uliopauka ukawa mweupe wa maziwa umekwisha kutoa antioksidanti zake kwa jua. Mwombe mkulima akukaushie kivulini, juu ya kichanja chenye wavu, pahali penye upepo, akigeuza mara mbili kwa siku. Ni kazi ya ziada, na ilipwe bei ya ziada. Mwani wa mapambo ya uso haufai kununuliwa kwa bei ya gunia la kiwandani.

Ukipokea, angalia haya. Tawi lenye sehemu nyeupe laini zinazokatika ukizigusa limeshikwa na ugonjwa uitwao ice-ice, unaokuja maji yakipata joto. Tupa sehemu hizo. Nyuzi nyembamba nyeusi kama nywele zilizojisokota kwenye tawi ni hatari zaidi. Baadhi yake ni Lyngbya, viumbe wenye sumu inayowasha na kutoa malengelenge, na baadhi ya wakulima wanaijua kwa mikono yao. Mwani wenye nyuzi hizo usiende usoni hata ukioshwa. Mchanga na vikonokono viondoe kwa mkono. Mwani uliotupwa na bahari ufukweni usiuokote, umekwisha anza kuoza. Usichukue wala uliokulia karibu na bandari au mdomo wa mfereji wa maji taka, kwani mwani hunyonya metali nzito, na ule wa kahawia hukusanya aseniki kwa wingi.

Wakati mzuri wa kununua ni kipindi cha kusi. Maji huwa yamepoa, mwani hukua vizuri, na upepo hukausha bila kuhitaji jua kali. Wakati wa masika mwani hukaa na unyevu, ukachacha.

Kilo moja ya mwani mkavu hutokana na kilo 7 hadi 10 za mbichi. Kabla ya kusaga, uoshe upesi mara tatu kwa maji baridi kuondoa chumvi, kila mara kwa sekunde zisizozidi 30, ukaushe tena kivulini hadi uvunjike kwa mlio. Ukiuloweka kwenye maji baridi kwa muda mrefu, rangi inaondoka pamoja na chumvi. Hifadhi kwenye chombo kisichopitisha mwanga, na pakiti ya kufyonza unyevu ndani.

Natoaje dondoo nyumbani?

Kuna njia mbili, na kila moja inatoa kitu tofauti.

Njia ya baridi hutoa rangi, chumvi za madini na molekuli ndogo. Chukua gramu 5 za unga wa mwani ulioosha na kukausha, gramu 60 za glisarini na gramu 40 za maji yaliyokenekwa. Changanya glisarini na maji kwanza, kisha mimina unga taratibu. Funga, weka kwenye friji, gizani, siku 5 hadi 7, ukitikisa kila siku. Chuja kwa kitambaa cha melimeli, kisha kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Utapata gramu 75 hadi 85 za kimiminika cha manjano au kahawia hafifu. Usizidishe unga. Spinosumu hufura, na ukiweka gramu 20 utabaki na uji usiochujika. Glisarini ikipungua chini ya nusu ya mchanganyiko, dondoo litaota ukungu.

Njia ya moto hutoa jeli. Chemsha gramu 20 za mwani mkavu ulioosha kwenye lita 1 ya maji kwa dakika 30 hadi 45, uchuje ungali moto, uache upoe. Ya spinosumu inakuwa laini na yenye kunyumbulika, nzuri kwa uso. Ya kotonii inakuwa ngumu na yenye kukatika, nayo ikikaa hutoa maji pembeni. Jeli hii haina kihifadhi, hivyo ikae kwenye friji siku 3 tu. Antioksidanti nyingi zimeshakufa kwa moto. Itumie kwa unyevu.

Maji ya betri usiyatumie, hata kama muuzaji anasema yamekenekwa. Hayatunzwi kwa ajili ya ngozi, na kwenye rafu lile lile kuna asidi iliyomo kwenye chupa inayofanana.

Nipeni mchanganyiko wa seramu unaofanya kazi.

Huu ni wa gramu 100. Pima kila kitu kwa mizani, hata maji, vijiko havifai. Kwa vitu vya chini ya gramu 1 unahitaji mizani inayosoma gramu 0.01.

- Maji yaliyokenekwa: gramu 80.4
- Dondoo la mwani la glisarini: gramu 10
- Glisarini: gramu 5
- Niasinamidi (aina ya vitamini B3): gramu 3
- Kihifadhi cha fenoksiethanoli na ethilheksiliglisarini: gramu 1
- Gundi ya zanthani: gramu 0.5
- Disodiamu EDTA: gramu 0.1
- Asidi sitriki, iliyoyeyushwa kwenye maji kwa asilimia 10: matone machache

Pangusa vyombo, mikono na meza kwa spiriti ya asilimia 70, acha ikauke yenyewe. Yeyusha EDTA na niasinamidi kwenye maji. Kwenye kikombe kingine koroga gundi ya zanthani ndani ya zile gramu 5 za glisarini hadi pasiwe na unga mkavu, ndipo umimine ndani ya maji huku unakoroga. Acha dakika 30 gundi ifure. Ongeza dondoo la mwani, kisha kihifadhi. Ikiwa ulipasha maji moto, subiri yashuke chini ya nyuzi 40 kwanza. Pima pH kwa karatasi, lenga 5.5. Ikiwa juu, ongeza tone moja moja la asidi sitriki, ukikoroga na kupima kila mara.

Tia kwenye chupa nyeusi yenye pampu. Kopo la kuchovya vidole linaingiza hewa, mwanga na bakteria, vitatu ambavyo mwani hauvipendi. Andika tarehe. Tumia ndani ya miezi 3.

EDTA watu huiacha kwa kuona ni kidogo. Usiiache. Mwani hubeba chuma na shaba, na metali hizo huharakisha uharibifu wa vile vile unavyovilinda. EDTA huzifunga, na huongeza nguvu ya kihifadhi.

Seramu yangu imeharibika. Shida iko wapi?

Imefanya madonge: gundi iliingia kwenye maji ikiwa kavu. Donge halitayeyuka, chuja, na safari ijayo anza na glisarini.

Imekuwa maji baada ya kuongeza dondoo: ulitumia kaboma, kiungo kingine cha kuleta uzito, badala ya zanthani, na mwani haukuoshwa chumvi. Chumvi huvunja jeli ya kaboma. Zanthani huistahimili.

Ilikuwa nzuri, sasa imekuwa ngumu na ina maji juu: una karagenani ya kotonii pamoja na kihifadhi cha potasiamu sobeti. Potasiamu hukaza jeli hiyo hadi ikamua maji yake. Badilisha kihifadhi au tumia spinosumu.

Jeli ya karagenani imelegea baada ya kupashwa moto na asidi: chini ya pH 4.3 hivi, ikiwa moto, nyuzi zake hukatika. Rekebisha pH baada ya kupoa.

Inanuka shombo: harufu kidogo ya bahari ni ya kawaida. Harufu ya samaki wa jana inaonyesha mwani ulichacha kabla ya kukauka. Usiifiche kwa mafuta ya karafuu au ya mchaichai. Yote mawili huwasha uso, na tatizo lililo chini litabaki pale pale.

Imegeuka kutoka manjano kuwa kahawia iliyoiva: antioksidanti zimekwisha. Haina madhara mara moja, lakini haina kazi tena.

Ina nyuzi, vidoa, au kifuniko kinatoa mlio wa gesi: mimina yote chooni. Kuongeza kihifadhi kwenye kitu kilichokwisha oza hakukiokoi.

Inajikunja vipande vipande ukipaka mafuta ya jua: umepaka nyingi. Matone 3 au 4 yanatosha uso na shingo, na subiri dakika 2 kabla ya tabaka linalofuata.

Nisomeje lebo ya dukani?

Tafuta jina kamili la mwani. “Algae Extract” peke yake haikuambii aina, na bila aina hujui kilichomo. Kisha angalia nafasi yake kwenye orodha. Viungo hupangwa kwa wingi, ila vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote. Mwani ukitajwa baada ya fenoksiethanoli, ambayo mara nyingi haizidi asilimia 1, umewekwa kwa ajili ya picha kwenye boksi. Chupa ya kioo cheupe iliyokaa dirishani kwa muuzaji usiichukue.

Spirulina na astazanthini ni mwani?

Siyo huu wa baharini. Spirulina ni bakteria wa maji ya magadi, na astazanthini ya kwenye seramu hutoka kwa mwani mdogo mno wa maji yasiyo na chumvi. Vinaweza kuwa vizuri, lakini ni habari nyingine.

Nina chunusi. Mwani utanizibia vitundu?

Karagenani na dondoo za mwani zimo kwenye orodha za zamani za vitu vinavyoziba vitundu, orodha zilizotokana na majaribio ya masikio ya sungura kwa vitu visivyochanganywa. Seramu yenye asilimia 10 ya dondoo ni kitu kingine. Hata hivyo, iodini nyingi inaweza kuchochea chunusi kwa baadhi ya watu, na mwani wa kahawia wa jamii ya Laminaria ndio wenye iodini nyingi. Spinosumu na kotonii zina kidogo sana. Mwenye chunusi aanze na mwani mwekundu, kwenye seramu nyepesi, aachane na maski za unga wa mwani wa kahawia.

Nina mzio wa kamba na pweza. Nikae mbali?

Mzio wa viumbe vya bahari unatokana na protini zao, na mwani hauna protini hizo. Hatari iko kwenye vidudu na vikamba vidogo vilivyojificha matawini, ambavyo husagwa pamoja na mwani usiosafishwa. Nunua dondoo lililochujwa, au chagua tawi kwa tawi. Mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, na hasa aliyeagizwa na daktari kuepuka iodini kabla ya matibabu, amwulize daktari huyo kabla ya kupaka.

Kwa kila mtu: paka ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku, siku 7, mahali pale pale. Kuwasha kunaweza kuchelewa hadi siku ya nne au ya tano, kwa hiyo jaribio la usiku mmoja halitoshi.

Niutumie pamoja na vitamini C au retinoli?

Na retinoli hakuna ugomvi. Retinoli usiku, mwani juu yake au asubuhi. Vitamini C halisi inataka pH chini ya 3.5 na inaogopa chuma na shaba, kwa hiyo usiimimine ndani ya seramu ya mwani. Paka vitamini C kwanza, iache ikauke, kisha seramu ya mwani, kisha mafuta ya jua.

Maski ya mwani mbichi je?

Inafaa kwa unyevu. Osha vizuri kiganja kimoja cha spinosumu, loweka dakika 20, saga na maji yaliyochemshwa yakapoa, paka dakika 10 na uoshe kabla haijakauka kabisa. Ikikauka huvuta maji kutoka kwenye ngozi na kuacha uso umekakamaa. Usiongeze limau. Asidi yake ni kali mno kwa uso, na maganda yake yana vitu vinavyounguza ngozi ikikutana na jua. Kilichobaki usikiweke hadi kesho.

Mwani unang'arisha ngozi?

Hautakubadilisha rangi, na haupaswi. Unaweza kusaidia mabaka yasizidi, pamoja na niasinamidi na mafuta ya jua, na mabadiliko hayo utayatazamia baada ya wiki 8 hadi 12. Unyevu utauona siku hiyo hiyo. Krimu ya “mwani” inayong'arisha uso ndani ya wiki moja ishuku kuwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya, na zebaki huharibu figo. Kopo la aina hiyo halina cha kuokolewa na mwani uliomo.

Nataka kuuza. Nianzie wapi?

Tanzania Bara vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019, vilipohamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Zanzibar nenda kwa Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA. Kenya ni KEBS, shirika la viwango la huko. Kabla ya kufika huko, peleka sampuli maabara ipimwe vimelea. Kiwango cha kimataifa kwa vipodozi vya kawaida ni visizidi 1,000 kwa gramu, na kwa vya kupaka karibu na macho au vya watoto chini ya miaka mitatu visizidi 100, bila Pseudomonas, Staphylococcus aureus, Candida wala E. coli. Pima na metali nzito za mwani wenyewe, mara moja kwa kila shamba unalonunua.

Kila safari ya utengenezaji ipe namba, na andika mwani ulitoka kijiji gani, ulivunwa lini, ulikaushwa vipi. Weka kando chupa moja ya kila namba, gizani, kwa miezi mitatu yote. Mteja akirudi na upele, fungua chupa hiyo kwanza, unuse, pima pH, ulinganishe rangi na iliyo mkononi mwake. Mara nyingi utagundua yake ilikaa dirishani.